SOMO LA UFUGAJI WA SAMAKI: MWANI NA BAKTERIA KATIKA BWAWA LA CHAMA

Chama kinachofuga samaki kinaweza kupoteza mazao ya miezi sita kwa usiku mmoja. Jioni samaki huonekana wakila vizuri. Alfajiri hukutwa wakielea, matumbo juu. Mara nyingi wanachama hushuku sumu, na lawama humwangukia mlinzi au jirani asiyependwa. Hivyo hasara ya samaki hufuatwa na hasara ya pili, nayo ni mfarakano ndani ya chama. Lakini mara nyingi chanzo cha vifo hivyo kimo katika maji yenyewe, na dalili zake huonekana siku kadhaa kabla.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, haikuhitajika hotuba kueleza faida ya kuwa na kitoweo bwawani. Kwa hiyo kila chama chenye bwawa hakina budi kuelewa mambo mawili: mwani na bakteria.

Mwani ni mimea midogo mno inayoyapa maji rangi ya kijani. Perege na sato huula, na mchana, kwa msaada wa mwanga wa jua, hutoa oksijeni ambayo samaki huivuta majini. Usiku mwani hautoi oksijeni; nao huvuta ile iliyopo. Bakteria, kwa upande wao, huozesha mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Wapo bakteria wema wanaogeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Hata hivyo bakteria wote hao hutumia oksijeni usiku na mchana. Uchafu ukizidi, mwani na bakteria huongezeka pamoja, na oksijeni huisha kabla ya mapambazuko. Samaki wengi wa bwawani huanza kudhoofika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita.

Wakazi wa Katavi wana mfano wa jambo hili karibu nao. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi viboko husongamana katika madimbwi machache. Mavi yao huyafanya maji kuwa mazito na machafu. Kambale huweza kuvumilia hali hiyo kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, perege hana. Bwawa lililojazwa samaki, pumba na samadi kupita kiasi hugeuka dimbwi la namna hiyo. Hata wafugaji wa samaki wa mapambo, wanaotumia matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, husumbuliwa na mwani kwa sababu hiyo hiyo: chakula kingi kuliko mahitaji ya samaki.

Katika vijiji vya tumbaku ipo hatari nyingine. Mbolea ya NPK 10:18:24 inayosalia msimu ukiisha huwashawishi baadhi ya wafugaji kuitupa bwawani. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 5 za naitrojeni na kilo 9 za fosfeti, navyo ni chakula cha mwani. Mbolea hiyo ibaki shambani. Vile vile mbolea isioshwe wala kuhifadhiwa mahali ambapo mvua itaitiririsha bwawani.

Kipimo ni rahisi. Kifuniko cheupe cha mkebe kigongomelewe kwenye ncha ya fimbo yenye alama za sentimita. Siku ya jua, kabla ya adhuhuri, fimbo izamishwe polepole hadi kifuniko kisionekane. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 40, maji ni mazuri. Kikipotea kabla ya sentimita 20, kuna hatari. Kikionekana hata baada ya sentimita 60, mwani ni haba. Kipimo hiki hakifai maji yakiwa yamechafuliwa na udongo wa mvua.

Maji yakizidi ukijani, au samaki wakionekana alfajiri wakitweta juu ya maji, yafanyike haya:

1. Chakula na mbolea visimamishwe mara moja.

2. Maji mapya yaingizwe kwa kuanguka kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na maji ya chini, yenye tope na harufu mbaya, yatolewe.

3. Samaki waliokufa waopolewe na kuzikwa mbali na bwawa.

4. Mrututu usitumiwe. Dawa hiyo huua mwani, lakini mwani uliokufa huoza kwa pamoja na kumaliza oksijeni iliyosalia; tena mrututu wenyewe unaweza kuua samaki.

5. Utando wa kijani ulioelea kama rangi iliyomwagika ukionekana, watu na mifugo wasinywe maji hayo. Huenda ni bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Bwana Samaki aarifiwe.

Kinga iliyo bora ni hesabu. Bwawa la mita za mraba 300 lenye samaki wawili kwa kila mita lina samaki 600. Kila mmoja akifikia gramu 250, uzito wote ni kilo 150. Chakula cha asilimia 3 ya uzito huo ni kilo 4 na nusu kwa siku, wala si debe zima kwa sababu tu pumba zipo. Siku za mawingu chakula kipunguzwe.

Katibu aandike daftarini kila siku kiasi cha chakula, na kila wiki kipimo cha fimbo. Siku samaki watakapokufa, mkutano utasoma daftari kabla ya kumtuhumu mtu. Daftari hilo hulinda samaki, na hulinda umoja wa wanachama pia.

Maswali ya kujadili katika mkutano:

(a) Kwa nini samaki hufa alfajiri zaidi kuliko mchana?

(b) Ni nani katika chama chetu mwenye jukumu la kupima maji, na akisafiri nani humshika mkono?

(c) Mbolea ya tumbaku iliyosalia huhifadhiwa wapi, na mvua ikinyesha maji ya mahali hapo huelekea wapi?