Dondoo muhimu: Mtoto anaponawa mikono bila kukoma

Mtoto mwenye OCD (ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia) harudii kunawa au kukagua kufuli kwa ukaidi. Fikra zinamlazimisha, na kumchapa humzidishia hofu.

1. Akiuliza "Mama, mlango umefungwa?" jibu mara moja tu, kisha mwambie: "Sasa ni OCD inayouliza." Hapa ndipo wazazi hukosea: humjibu tena na tena, kwa huruma. Bibi na shangazi nao waambiwe wafanye vivyo hivyo.
2. Usimnunulie sabuni ya ziada.
3. Punguzeni marudio kidogo kidogo, kwa makubaliano, usimkatishe ghafla.
4. Akirudia udhu au sala, mshirikishe shehe au padri anayeielewa hali hii.
5. Mwarifu mwalimu wa darasa.
6. Mpeleke kwa daktari wa afya ya akili. Usikatize dawa bila ushauri wake.