SOMO LA MWEZI: KWELI KATI YA BABA WAWILI



Mwezi huu tujifunze habari ya baba wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, ambao kila mmoja alifiwa na mwanawe wa pekee. Habari yao imo katika kitabu cha hadithi cha Alan Paton, Mzungu wa Afrika ya Kusini, kiitwacho Cry, the Beloved Country, yaani kilio cha kuililia nchi ipendwayo. Kilitolewa mwaka 1948, mwaka ule ule ambao chama kilicholeta sheria za apartheid kilitwaa serikali. Paton alikuwa ameongoza kwa miaka zaidi ya kumi nyumba ya Diepkloof, karibu na Johannesburg, walimowekwa vijana wa Kiafrika waliovunja sheria. Basi aliandika mambo aliyoyajua.

Msomaji wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa asiseme, "Hayo ni ya mbali." Hata miaka ya mwanzo ya 1960 vijana wengi wa kusini ya Tanganyika walikwenda kuchimba dhahabu katika nchi ile. Wako wazee waliokufa wakingoja barua isiyokuja. Na hadithi hii mwanzo wake ni baba anayengoja barua.

HADITHI YENYEWE

Stephen Kumalo ni kasisi wa Kianglikana wa Ndotsheni, kijiji cha bondeni. Udongo wa bonde lile umechukuliwa na mvua, na vijana wamekimbilia mjini. Absalom mwanawe naye alikwenda, asirudi. Kumalo akafunga safari kumtafuta, akiuliza nyumba kwa nyumba, hata akampata gerezani. Kijana alikuwa ameingia kuiba katika nyumba ya Mzungu pamoja na wenzake wawili, na mwenye nyumba alipotokea, aliogopa, akampiga risasi, akafa.

Aliyeuawa ni Arthur Jarvis, mtu aliyewatetea Waafrika kwa maandiko yake. Baba yake, James Jarvis, ni mkulima mwenye shamba zuri juu ya bonde lile lile la Ndotsheni. Wazee hawa walikuwa majirani miaka mingi, walakini hawakuwa na mazungumzo.

Angalieni jina la kijana. Absalomu wa 2 Samweli 18 alimwasi baba yake, na Daudi alimlilia vivyo hivyo. Basi tusisahau ya kuwa baba wa mwenye kosa naye ni mfiwa, illa yeye hakuna anayemletea rambirambi.

JAMBO LA KWANZA: KWELI ISEMWE NA MWENYE KUDAIWA

Siku moja, kabla ya hukumu, Kumalo alibisha hodi katika nyumba ya Wazungu ili kuuliza habari za binti wa jirani yake. Aliyefungua mlango ni Jarvis. Miguu ya kasisi ikalegea, akaketi ngazini. Jarvis alidhani ni mgonjwa au ana njaa. Alipomwuliza sana, Kumalo akamweleza waziwazi kwamba mwana wake ndiye aliyemwua mwana wa Jarvis. Jarvis akaondoka, akatembea kidogo bustanini, akarudi, akasema hana hasira.

Kumalo angaliweza kusema, "Ni homa tu, bwana," na Jarvis angaliamini. Wala hakuanza kwa kutaja shida za mjini na sheria mbaya zilizowaharibu vijana, ingawa hayo yote yalikuwa kweli. Alilisema deni lake kwanza.

JAMBO LA PILI: WEMA HAUFUTI DENI, WALA DENI HALIKATAZI WEMA

Jarvis naye alikuwa na kazi. Aliingia katika chumba cha marehemu, akasoma karatasi alizoziacha, akaona hakumjua mwanawe, wala hakuwajua watu wa bondeni. Aliporudi nyumbani alipata habari kwamba watoto wa Ndotsheni wanaugua kwa kukosa maziwa, akayapeleka. Kisha akaleta bwana shamba, kijana wa Kiafrika aitwaye Letsitsi, awafundishe watu kuuponya udongo, tena bwawa likaanza kujengwa. Watu wa Mbinga mnalifahamu jambo hili kuliko wengine, maana ngoro za Wamatengo zashika udongo mahali penye mteremko mkali.

Wako wasomaji waliomlaumu Paton kwamba aliufanya wema wa Mzungu mmoja kuwa dawa ya nchi nzima. Lawama hiyo ina haki. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika kama sehemu 7 katika kila 100 za nchi yao, na maziwa ya Jarvis hayakuiondoa. Walakini kitabu chenyewe kinalijua jambo hili. Letsitsi asema wazi kwamba Mzungu anayewapa watoto weusi maziwa analipa deni tu. Kumalo hakupenda kusikia hivyo, kwa sababu alimpenda Jarvis. Mimi naona wote wawili walisema kweli: mtu aweza kushukuru kwa maziwa, wala asisahau shamba lilikwenda wapi.

JAMBO LA TATU: HABARI YA SONGEA

Sasa tuje kwetu. Katika vita vya Maji Maji, tarehe 27 Februari 1906, Wadachi waliwanyonga mjini Songea wakuu wa Wangoni zaidi ya 60, na Nkosi Mputa Gama miongoni mwao. Nduna Songea Mbano naye alinyongwa, na wazao wake husema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Askari walichoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikamaliza waliosazwa na bunduki. Katika nchi yote iliyopigana, waliokufa wahesabiwa na wengine kufikia 300,000.

Miaka 117 ikapita. Ndipo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akakiri aibu yake, akaomba msamaha kwa yale waliyotenda Wajerumani. Aliahidi kuwasimulia watu wake habari hizo, na kusaidia kukitafuta kichwa kile, maana kilikuwa hakijaonekana.

Wengine walisema, "Maneno tu." Wengine wakasema, "Yamekwisha." Mimi nasema yeye alifika ngazini pa mfiwa, kama Kumalo, akasema deni lake. Hilo ni kubwa, tena ni mwanzo. Maziwa na bwawa havijaja kwa sababu neno limesemwa. Mzee ambaye babu yake hana kaburi kamili, matanga yake hayajaondoka.

JAMBO LA NNE: NA SISI JE?

Ni rahisi kukaa siku zote mahali pa mwenye kudai. Walakini kabla ya Wadachi, Wangoni nao waliwashambulia Wamatengo na watu wa mwambao, wakachukua mateka na mifugo, na Wamatengo wakajibana milimani. Leo watoto wa pande zote waoana na kuketi katika benchi moja kanisani, lakini nani amewahi kulitaja jambo hili kwa upole? Mtu mmoja aweza kuwa mdai upande wa baba na mdaiwa upande wa mama.

Nami niungame langu. Katika kijiji kimoja cha mwambao kijana alimgonga mtoto kwa pikipiki, mtoto akafa. Baba wa kijana alinijia usiku, akitaka kwenda kwa wafiwa. Nikamwambia, "Mzee, ngoja, wazee wa kanisa watangulie, hasira zipoe." Hakunisikiliza. Alifajiri akaenda peke yake, akaketi chini nje ya mlango mpaka baba wa mtoto alipotoka. Sijui waliambiana nini. Najua kwamba siku ya maziko alishika jembe pamoja na wengine, wala hakuna aliyemnyang'anya. Nilikuwa nimesoma habari ya Kumalo zamani, illa yule mzee asiyeisoma ndiye aliyeijua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Someni Mathayo 5:23-24. Ni nani aambiwaye aondoke kwenda kwa mwenzake?
2. Jarvis alitoa maziwa kabla ya kuombwa msaada. Je, msamaha bila tendo watosha? Na tendo bila kukiri?
3. Uko mlango gani ambao nyumba yako haijaubisha, nawe wangoja wengine watangulie?

Hilo la tatu lisijibiwe mbele ya watu. Lijibiwe kwa miguu.