Mtalala Wapi? Somo la Kupanga Safari ya Turkana

Naandika kutoka huku kwetu Birongo, nchi ya migomba na majani chai. Katika makala haya ningependa tujifunze namna ya kupanga safari ya likizo hadi mahali pa mbali ambapo hatuna shangazi wala mjomba wa kutupokea, na hasa namna ya kupata malazi. Mfano wangu ni Turkana. Nimeuchagua kwa sababu chama chetu kinabishana juu ya safari yake. Wengi wanataka Mombasa. Sisi wachache tunataka Ziwa Turkana, na tumeambiwa tulete mpango kamili, la sivyo basi litaelekea baharini.

Mzazi mmoja alituuliza, "Huko kuna nini? Si jua na bunduki tu? Na watoto watalala wapi?" Hayo ni maswali matatu na yote yana haki ya kujibiwa.

Kuna nini? Kwanza kuna ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita 250 hivi, ambalo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani. Wazungu Teleki na von Höhnel walipolifikia mwaka wa 1888 walilipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa kwao. Jina la Turkana liliwekwa ramanini mwaka wa 1975. Kule Nariokotome, magharibi mwa ziwa, ndiko Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu aliona kipande cha mfupa mwaka wa 1984, na kikawa mwanzo wa kufukuliwa kwa yule kijana wa Turkana tunayemsoma katika Historia, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Halafu kuna Kisiwa cha Kati, chenye maziwa matatu madogo ndani ya volkeno zake na mamba wasiohesabika. UNESCO iliweka kisiwa hicho pamoja na mbuga ya Sibiloi katika urithi wa dunia mwaka wa 1997, na mwaka wa 2018 ikaorodhesha mahali hapo miongoni mwa yaliyo hatarini, sababu moja ikiwa bwawa la Gibe III ambalo Ethiopia ilijenga kwenye mto Omo. Mto huo ndio unaoleta maji mengi ya ziwa. Je, Mombasa haiwezi kungoja mwaka mmoja?

Bunduki sitazikana. Sehemu za kati ya Marich na Kainuk, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, zimejulikana miaka mingi kwa wizi wa mifugo na mashambulizi ya magari. Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kwa hivyo mpango wetu lazima uwe na kanuni: kabla ya kutoka Kitale, mwalimu apite kituo cha polisi aulize hali ya barabara siku hiyo hiyo, si wiki iliyopita. Wakisema ngojeni, tunangoja. Mimi naona mpango usio na siku moja ya akiba si mpango, ni bahati nasibu.

Sasa njia. Wengi hawajui kwamba barabara inayopita Kisii mjini, ile inayotoka Isebania na Migori, ndiyo hiyo hiyo iliyoitwa A1 miaka mingi, ikaendelea hadi Kisumu, Kakamega, Webuye, Kitale, Kapenguria, Lodwar, Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini. Yaani ukisimama steji ya Kisii unakanyaga barabara ya Turkana! Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, na kutoka kwetu hadi Kitale si pungufu sana ya hapo. Basi la shule haliruhusiwi kusafiri usiku. Hesabu inajipanga yenyewe: siku ya kwanza tunalala Kitale, siku ya pili tunalala Lodwar. Asubuhi ya siku ya pili tunaweza kupita makumbusho ya Kapenguria, ambako Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kati ya 1952 na 1953, lakini tusikae huko mpaka jua litutupe njiani. Lodwar pia Kenyatta alizuiliwa baada ya kutolewa gereza la Lokitaung, kwa hiyo tunafuata njia yake.

Wakati gani? Likizo ya Aprili haifai kwa kuwa ni ya mvua, na kule mvua ikinyesha milimani, laga lililokuwa mchanga mtupu hujaa ghafla likakata barabara. Desemba nauli hupanda na watu wamejaa njiani. Imebaki Agosti. Hata hivyo, lazima tuulize mapema tarehe ya tamasha la Tobong'u Lore, kwa maana wageni wakimiminika Lodwar kwa ngoma hizo vyumba huisha.

Hapa ndipo tunafika kwenye malazi, na hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kukulaza nje. Kwetu Kenya "hoteli" mara nyingi ni mahali pa kunywa chai na mandazi. Ukimwuliza mtu wa bodaboda Lodwar akupeleke hoteli nzuri, atakupeleka kwenye ugali. Sema "lojing" au "gesti", au kama unataka mwalimu akupe alama, "nyumba ya wageni". Pia wengine huita "banda" chumba kilichojengwa peke yake na kuezekwa kwa makuti. Usicheke neno, uliza lina mlango na kufuli.

Kundi la wanafunzi thelathini na wawili haliwezi kulipia lojing za mjini kila mmoja na chumba chake. Njia tatu zinafaa. Misheni na makanisa mara nyingi huwa na vyumba vya wageni, tena vyenye ua na mlinzi. Shule ya bweni ya huko inaweza kutukopesha mabweni wakati wanafunzi wao wako likizoni, ikiwa mwalimu wetu mkuu ataandika barua mapema na kupata jibu lenye muhuri. Ya tatu ni lojing ndogo kwa walimu na madereva tu. Mimi napendelea shule, kwa sababu wasichana watakuwa na bweni lao na sisi letu, na hilo ndilo mama zetu wanauliza hasa wanaposema "mtalala wapi".

Simu ikipigwa, isiishie kwenye bei. Sikiliza mfano huu:

"Hujambo mama? Napiga simu kutoka Kisii. Tuko wanafunzi thelathini na wawili."

"Sijambo. Mnakuja lini?"

"Agosti, siku mbili. Samahani mama, maji yako ni ya mfereji ama ya kununua?"

"Ya mfereji yakikuja. Yasipokuja tunanunua kwa jerikani."

"Na jerikani ni juu yenu ama juu yetu?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye pesa. Uliza vilevile kuhusu neti, na kama chakula huagizwa asubuhi au hupatikana tu. Mjomba wangu aliyefanya kazi ya ujenzi upande huo alifika saa mbili usiku kwenye gesti fulani aliyokuwa ameizungumzia kwa simu, akakuta chumba chake kimepewa mwingine. Hakuwa amelipa kitu. Tangu siku hiyo hutuma arubuni, yaani malipo kidogo ya kushikilia chumba, na huhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Tuongeze kupiga simu tena siku mbili kabla ya kuondoka.

Kwa upande wa ziwa, Eliye Springs na Kalokol ziko kama kilomita 60 kutoka Lodwar. Usipange kwa picha za zamani. Tangu miaka ya 2019 na 2020 ziwa limepanda na kufunika sehemu za ufuo, kwa hivyo ufuo unaouona pichani unaweza kuwa chini ya maji. Maji ya ziwa yana magadi, hayafai kunywa, nao mamba hawajui kwamba wewe ni mgeni. Nashauri tulale Lodwar, twende ziwani alfajiri na kurudi kabla ya giza. Mashua ya Kisiwa cha Kati isipande mtu kabla wavuvi wenyewe hawajasema upepo umetulia.

Jambo la mwisho ni joto. Kisii iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Lodwar kama 500. Sisi tuliozoea sweta mwezi wa saba tutakutana na mchana wa digrii 35, na kuta za chumba huweka joto hilo hadi usiku wa manane. Ndiyo maana watu wengi wa Lodwar hutoa magodoro wakalala uani. Basi tusijisumbue na blanketi. Kila mmoja abebe shuka moja, neti na kamba ya kuifungia, kofia, na chupa ya maji ya lita mbili. Wazee wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kiti kidogo cha mbao ambacho mchana hukaliwa na usiku huwa mto wa kichwa. Sisi tutakunja sweta tulizotoka nazo Birongo, zitatosha.