Gari Liishie Ngomeni: Somo la Kuzuru Kisiwa cha Mombasa

Msimu wa likizo, familia nyingi huzuru Pwani kwa gari. Baadhi huja na magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani. Kisiwa cha Mombasa kinapendeza kuzungukwa hivyo, lakini Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya magari. Somo hili linaeleza gari liishie wapi, na kwa nini.

Kuingia kisiwani

Anayetoka Nairobi huingia kupitia Makupa, anayetoka Kilifi hupita Daraja la Nyali, na anayetoka Kwale huvuka kwa feri ya Likoni. Mahali pazuri pa kuanzia ni bustani ya Mama Ngina. Hapo pana mibuyu ya kale, upepo wa bahari, na meli zinazoonekana zikiingia Kilindini.

Fort Jesus

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Baadaye iligeuzwa gereza hadi 1958. Leo ni makumbusho, na UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Egesha gari nje ya Mji wa Kale, kisha uendelee kwa miguu.

Kwa nini kwa miguu?

Mkabala na ngome inaanza Ndia Kuu. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita. Ilikuwa kuu kwa watu, punda na mahamali. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na roshani za mbao zimetokeza juu ya njia. Gari refu linaweza kuzigonga, na gari zito hutikisa kuta zilizozeeka. Gari likikwama katika kichochoro, hata gari la zimamoto au la wagonjwa halipiti.

Hasara hiyo si rahisi kurekebisha. Chokaa huacha ukuta upumue, ilhali simenti hufungia unyevu ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo ukarabati unahitaji idhini na fundi anayejua kazi za kale.

Unapotembea

• Tazama mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, uliojengwa takriban mwaka 1570, kisha ushuke hadi bandari ya kale.

• Toa salamu kwa wanaoketi barazani. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na vaa kwa heshima. Hapa ni nyumbani kwa watu.

• Nunua viazi karai, mahamri au kahawa tungu kwa wachuuzi wa mtaani.

• Usimwage maji machafu ya gari kwenye mitaro. Mwisho wake ni baharini.

Zoezi kwa familia

Tafuteni ukuta wa chokaa na mwingine uliopakwa simenti. Mguseni kila mmoja, mwangalie nyufa na unyevu, kisha watoto waeleze upi unazeeka vizuri na kwa nini.