Kuvuna na Kuhifadhi Kitunguu Saumu

Nchini Tanzania kitunguu saumu hustawi zaidi katika nyanda za juu zenye ubaridi, kama Mbulu mkoani Manyara. Nyasura, wilayani Bunda, iko karibu na Ziwa Viktoria, penye joto zaidi. Aghalabu tunguu la bustani ya nyumbani huko huwa dogo. Haifai basi mavuno hayo machache yapotee kwa kuoza.

Wakati wa kuvuna. Kila jani la kitunguu saumu huanzia katika ganda moja linalofunika tunguu. Jani likikauka, ganda lake nalo huanza kuharibika udongoni. Kwa sababu hiyo mkulima huvuna majani ya chini yakiwa yamekauka, na matano au sita ya juu yakiwa bado mabichi. Akichelewa, maganda hupasuka na punje hutawanyika. Umwagiliaji husimamishwa wiki moja au mbili kabla ya kuvuna. Udongo hulegezwa kwanza, kwa maana kila mchubuko wa tunguu ni mlango wa ukungu.

Kukausha. Matunguu hutundikwa au hutandazwa kivulini, penye upepo, kwa wiki mbili hadi nne. Jua kali huweza kuunguza punje. Shingo ikisinyaa kabisa, ukungu hukosa njia ya kuingilia.

Kuhifadhi. Kikapu au mfuko wa wavu hufaa, kwa kuwa hupitisha hewa. Jokofu la nyumbani halifai: ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi huziamsha punje zichipue upesi.

Tahadhari. Punje mbichi zisihifadhiwe ndani ya mafuta bila ubaridi. Spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum hutoka udongoni, na bakteria huyo hukua na kutoa sumu mahali pasipo na oksijeni; mafuta huizuia hewa isifike. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kitunguu saumu kilichohifadhiwa hivyo.

Zoezi. Wanafunzi wapime uzito wa matunguu kumi siku ya kuvuna, kisha kila wiki kwa wiki nne, na kuchora grafu. Je, uzito hupungua upesi zaidi katika wiki ipi? Waeleze sababu.