Mnada wa Mbali na Aibu Zilizofichwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Yapasa ijulikane ya kwamba kununua kwa mnada ni halali. Lililo haramu ni ghishi na najshi. Ghishi ni kuficha aibu ya kitu kiuzwacho. Najshi ni mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua, ili mwenziwe ahadaike.

Mtu wa Zinga aendapo mnadani ufukweni Bagamoyo hufunua mashavu ya samaki, akatazama wekundu wake, ndipo atajapo bei. Leo mtu huyo huyo hununua gari lililo Japani kwa mnada wa intaneti, wala halioni ila kwa picha. Na picha huonyesha upande autakao muuzaji.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikarowa. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakakiona, akabainisha kuwa adanganyaye si katika watu wake. Basi picha njema ndiyo juu ya rundo, na mnunuzi hana budi kutia mkono ndani.

Kwanza, aitake karatasi ya mnada iliyoandikwa na mkaguzi wa huko, ailinganishe na namba ya chesi. Asitosheke na maneno ya dalali. Alama R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. S ni kutu. W ni bati lililonyooshwa. XX ni kipande kilichobadilishwa.

Pili, ajiwekee ukomo wa bei kabla ya mnada. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Imamu Shafii, aliyehadaiwa kwa najshi hana hiari ya kuvunja mauzo, ingawa aliyemhadaa ana dhambi.

Tatu, akiona aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, adai kurudisha papo hapo, kwani hiari hiyo hupotea kwa kukawia bila udhuru. Lakini gari likiisha kushushwa bandarini Dar es Salaam, muuzaji yu ng'ambo ya bahari: haki ipo, na njia yake ni ndefu. Heri kuchungua kwanza.

Na alinunuaye ili aliuze tena, karatasi ile aionyeshe kwa mteja wake kama ilivyo. Akiificha, ghishi ya mbali imekuwa yake.

Wallahu aalam.