SOMO: MAJI YA BWAWA LA SAMAKI

Huku kwetu Ileje na Mbozi vijito vipo, na wapo wanaofuga perege. Kabla hujachimba bwawa, pima maji kwanza.

Kinga mfereji kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 20, unapata lita 1 kila sekunde. Kwa siku nzima ni lita 86,400. Bwawa la mita 20 kwa 10, kina mita 1, hubeba lita 200,000. Basi litajaa kwa siku mbili na ushee, mbali na maji yanayonywewa na udongo.

Bomba la kuingiza likae shubiri moja juu ya maji. Maji yakianguka huchukua hewa.

Bomba la kutoa lipite chini ya tuta, upande wa pili. Ndani ya bwawa lifungie elbo, juu yake bomba la kusimama, urefu sawa na kina unachotaka. Maji yakizidi yanaingia humo yenyewe. Siku ya kuvua unalilaza, bwawa linakauka. La kuingiza likiwa inchi 2, hili liwe inchi 4. Likiwa jembamba, mvua ya usiku mmoja itapita juu ya tuta, tuta litabomoka, na perege wako wataishia mtoni.

Usiache maji yakimbie kutwa. Perege hupenda vuguvugu, tena wenzako wa bondeni wanayangoja. Ila ukiona alfajiri samaki wanahema juu ya maji, fungulia mara moja: hewa imewaishia.

Zoezi: Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, bwawa hilo litajaa kwa siku ngapi?